Chumba cha elfu 50 Usa River, laki nne mlangoni

CHUMBA cha shilingi 50,000 kwa mwezi katika mji mdogo wa Usa River hakipatikani kwa shilingi 50,000. Mgeni anayekwenda huko na noti tano za elfu kumi mfukoni atarudi Arusha jioni ileile, amechoka, na noti zenyewe zimebaki nne.

Hesabu yake si ngumu, ingawa wengi huijua wakiwa wameshasimama mlangoni. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani sh 300,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, sh 50,000. Kabla ya hapo amekwishachukua sh 10,000 ya kumzungusha mteja kwenye vyumba viwili vitatu. Kubadilisha kitasa, maana haijulikani mpangaji aliyetoka amebaki na funguo ngapi, ni kama sh 10,000. Kirikuu ya kubeba kitanda, godoro na vyombo kutoka mjini, sh 30,000. Jumla ni sh 400,000, na hapo hajanunua pazia wala ndoo.

Viwango hivyo ni vya mfano. Hupanda au kushuka kulingana na umbali kutoka barabara kuu, sakafu kama ina vigae au ni ya saruji, na choo kama kiko ndani au uwani. Uwiano wake lakini haubadiliki sana. Anayetafuta chumba cha kupanga kandokando ya Mlima Meru inambidi awe na fedha ya kodi ya miezi minane ili aingie kukaa miezi sita.

Kwa mfanyakazi wa shambani hilo ni jambo zito. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini katika sekta ya kilimo kuwa sh 140,000 kwa mwezi, kabla ya viwango vya sekta binafsi kupandishwa tena kuanzia Januari 2026. Kwa mshahara wa sh 140,000, laki nne ni karibu miezi mitatu ya kazi bila kula, bila nauli na bila kutuma chochote nyumbani.

Pamoja na hayo, watu wanazidi kutoka Arusha mjini kwenda kutafuta vyumba katika miji midogo inayolizunguka jiji: Usa River, Tengeru na Maji ya Chai upande wa barabara ya Moshi, Ngaramtoni upande wa barabara ya Nairobi, na Kisongo kwenye barabara ya kwenda Dodoma.

Sababu ya kwanza ni jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 617,631. Ongezeko hilo la watu zaidi ya 200,000 katika miaka kumi lilihitaji mahali pa kulala, na nyumba za mashirika hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) na Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha (AICC) yana nyumba za kupangisha mjini, lakini mpangaji akishazipata hatoki kirahisi. Wengine wote wanabaki mikononi mwa watu binafsi.

Sababu ya pili ina historia yake. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda (ICTR), iliyoundwa Novemba 1994 na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, iliweka makao yake Arusha katika majengo ya AICC. Majaji, mawakili, wakalimani na maofisa wake walihitaji nyumba nzuri, na walikuwa na uwezo wa kulipa. Ikaja Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, kisha mwaka 2007 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikahamia hapo. Katika maeneo kama Njiro na Themi wenye nyumba walizoea kutaja kodi kwa dola.

ICTR ilifunga shughuli zake Desemba 31, 2015, na wafanyakazi wake wengi wakaondoka. Mazoea ya dola hayakuondoka nao. Mwishoni mwa mwaka 2017 Serikali iliagiza bei zote kwa wakazi wa nchini, zikiwamo kodi za nyumba, zitajwe kwa shilingi kuanzia Januari 1, 2018. Machi 2025 zikatoka kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mpangaji wa chumba kimoja hakuwahi kudaiwa dola, ni kweli. Lakini nyumba kubwa inapopanda, ya wastani huifuata, na chumba cha uani huifuata ya wastani.

Sababu ya tatu ni barabara. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, kilijengwa kuwa njia nne, na barabara ya mchepuko ya kilomita 42.4 ikapitishwa kusini mwa jiji. Tengeru, ambako zamani mtu alionekana amehamia shamba, sasa ni mahali ambapo mwalimu au karani anaweza kulala na kuwahi kazini mjini.

Hapo ndipo wengi hujidanganya katika hesabu. Mtu anaona amepunguza sh 30,000 katika kodi ya mwezi, anafurahi. Akianza kutumia sh 3,000 kwa siku kwenda na kurudi kwa Hiace, kwa siku 26 za kazi ni sh 78,000. Kama chumba kiko mbali na lami na anapanda bodaboda kila jioni kwa sh 1,000, aongeze sh 26,000. Chumba cha bei nafuu Usa River kinamfaa zaidi mtu ambaye kazi yake nayo iko hukohuko.

Na wa namna hiyo hawakosekani. Usa River ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Meru, iliyozaliwa baada ya Arumeru kugawanywa. Kuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, na Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato. Tengeru kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, chuo cha mifugo, pamoja na kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa. Kando ya barabara ziko hoteli na kambi za watalii wanaotua Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Upande wa chini wa barabara, kwenye tambarare, yako mashamba ya maua, mbegu na mboga yanayoajiri wanawake na vijana kutoka mikoa mbalimbali.

Kila kundi lina msimu wake wa kuhama. Wanafunzi huja kwa wimbi vyuo vinapofunguliwa, na wiki hizo mbili tatu ndizo mbaya kuliko zote za kutafuta chumba. Mwenye nyumba hapunguzi hata senti, na dalali hapokei simu ya mtu anayeuliza maswali mengi. Anayeweza kusubiri mwezi mmoja baadaye huviona vyumba vilevile vilivyobaki, na mwenyewe akiwa mpole.

Dalali na simu yake

Dalali wa vyumba katika miji hii hana ofisi. Ofisi yake ni kijiwe cha bodaboda, kibanda cha wakala wa fedha za simu, au benchi la fundi viatu. Namba yake imeandikwa kwa rangi kwenye ukuta ama kwenye kipande cha bati kilichopigiliwa msumari kwenye mti: "Vyumba, fremu, viwanja." Siku hizi hutuma na picha kwenye simu.

Si haki kumhesabu kila dalali kuwa tapeli. Wapo wanaoifahamu kila nyumba mtaani, wanajua mwenye nyumba yupi mkorofi na kisima kipi hukauka Septemba, na kwa mgeni asiyemjua mtu ujira wao una maana. Tatizo ni kwamba anayelipa ni mpangaji, wakati chumba kikikaa kitupu anayepata hasara ni mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo dalali hana cha kupoteza akimpeleka mteja kwenye vyumba ambavyo anajua havitamfaa. Ile elfu kumi ya kuzungushwa anaipata vilevile.

Mbaya zaidi ni wizi wa kodi ya kishika chumba. Mteja anaonyeshwa chumba kizuri, anaambiwa mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, na kwamba wapo wengine wawili wanakitaka leo hii. Anatuma fedha kwa simu ili kukishika. Kesho yake anafika na mizigo na kukuta chumba kina mtu, au mwenye nyumba ni mama aliyekuwapo uani siku zote na hajawahi kusikia habari za dalali huyo.

Kinga yake ni ya kizamani. Mtu anashuka kwenye gari mapema, siku isiyo ya soko, na kutembea kwa miguu. Tengeru, Jumatano na Jumamosi soko hujaa watu na magari hata pa kusimama hapaonekani, hivyo siku nyingine ndizo zinazofaa. Anaanza dukani kwa Mangi, ananunua soda, anaamkia, anauliza. Anapita kwa mama lishe. Anakwenda kwa balozi au mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kwa vyovyote inabidi amfahamu mkazi mpya. Kwa watu hao jina la mwenye nyumba linapatikana bila malipo, na zaidi ya jina: kama nyumba ina kesi, kama ndugu wanagombania urithi, na wapangaji wa mwisho walihama kwa sababu gani.

Akishafika uani, mwenye kuongea naye ni mama mwenye nyumba hata kama hati ina jina la mzee. Yeye ndiye atakayekuwa naye kila siku kwenye bomba na kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mgeni anayepita bila shikamoo na kuanza kugongagonga ukuta atajibiwa kwamba chumba kimeshachukuliwa.

Maji ya Chai

Kitu ambacho mgeni kutoka nje ya Arusha hakiulizi, na ambacho mwenyeji hakitaji kwa kuwa amekizoea, ni maji.

Kilomita chache mbele ya Usa River upo mji unaoitwa Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na rangi ya maji ya mto unaopita hapo. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopita katika miamba yake huyeyusha madini ya floraidi. Maeneo ya Maji ya Chai, Ngurdoto na Ngarenanyuki yanajulikana kwa wataalamu kwa wingi wa madini hayo, hadi Serikali ikaweka kituo cha utafiti wa kuyaondoa pale Ngurdoto.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu vyanzo vingi vya ukanda huu visingefaulu mtihani wa kiwango cha dunia, kabla ya nayo kushuka hadi 1.5. Madini yakizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Yakizidi sana kwa miaka mingi hushika mifupa, na mtu akashindwa kunyoosha miguu au kuinama.

Kwa mtu mzima mwenye meno yake kamili, kukaa mwaka mmoja si hatari kubwa kwa meno. Mwenye watoto wadogo, ambao meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, habari yake ni nyingine kabisa. Na kuchemsha hakusaidii. Maji yakichemka hupungua, madini yakabaki palepale, kwa hiyo kila lita inayobaki ina madini mengi zaidi. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi Ngurdoto, au maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi, au chanzo kingine.

Swali kwa mwenye nyumba kwa hiyo lisiwe "maji yapo?" Jibu lake litakuwa ndiyo. Swali ni maji yanatoka wapi: bomba la mamlaka, bomba la kijiji la mserereko kutoka mlimani, kisima cha nyumba, au mto. Vyanzo viwili vilivyo jirani vinaweza kutofautiana sana, na ladha haisemi lolote. Kinachosema ni meno ya watoto waliozaliwa kwenye ua huo. Mpangaji awasalimie tu watacheka.

Hali imeanza kubadilika. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa sh bilioni 520, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulichimba visima vipya na kulaza mabomba ndani ya jiji na katika sehemu za wilaya zinazolizunguka, na upunguzaji wa floraidi ulikuwa moja ya shabaha zake. Lakini bomba kupita barabarani si sawa na bomba kuingia uani. Nyumba nyingi za wapangaji zina koki moja, na koki ina kufuli, na funguo anazo mama mwenye nyumba.

Taa moja, mita moja

Umeme nao una mtego wake, na huu ni wa fedha tupu. Nyumba ya vyumba sita mara nyingi ina mita moja ya LUKU. Wapangaji wanachanga, mwenye friji anasema hatumii zaidi ya mwenye pasi, na kila mwisho wa wiki kuna ugomvi.

Kuna jambo ambalo wachache wanalipigia hesabu. Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa nyumbani anayetumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa katika kundi la D1 na kulipa sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Anayezidi huhamishiwa kundi la T1, sh 292 kwa uniti. Mpangaji mmoja mwenye taa mbili, redio na simu hawezi kufikisha uniti 75. Lakini wapangaji sita kwenye mita moja watazifikisha kabla mwezi haujaisha, na wote sita wanalipa bei ya tajiri. Chumba chenye mita yake, hata kikizidi sh 5,000 kwa mwezi, kinaweza kuwa cha bei nafuu kuliko jirani yake.

Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Ilianza na sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa sh 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Anayeingiza tokeni ni mpangaji. Serikali ilisema tangu mwanzo kwamba wakubaliane, mpangaji arudishiwe au apunguziwe kwenye pango. Uani hakuna anayedai sh 1,500 kwa mwezi na kubaki na uhusiano mzuri, hivyo wapangaji wengi huilipa na kunyamaza. Mahali pa kulimaliza ni kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, siyo baada.

Zao jipya chini ya mgomba

Mwenye nyumba naye ana hesabu zake, na kwa msomaji mkulima hizi ndizo za kutazama.

Ardhi ya Wameru ilibanwa zamani. Juu ni msitu wa mlima, chini yalikuwa mashamba ya walowezi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza wananchi Engare Nanyuki ili kuwapa nafasi wafugaji wa Kizungu, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kulilalamikia jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Familia zikaongezeka, vihamba vya kahawa na migomba vikagawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu. Bei ya kahawa duniani ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, robo eka ya mibuni haikuweza tena kulipa ada ya shule.

Robo eka hiyo ikiwa karibu na lami huingia vyumba sita vya mstari na bado migomba michache ikabaki nyuma. Vyumba sita kwa sh 50,000 ni sh 300,000 kwa mwezi, sh 3,600,000 kwa mwaka, bila dawa ya mibuni wala kuhofia mvua. Hakuna mkulima ambaye hesabu hiyo haimvutii.

Ila zao hili nalo lina magonjwa yake. Kama ujenzi umekula sh 24,000,000, zitarudi baada ya miaka sita na miezi minane, endapo vyumba vyote vitajaa kila mwezi na hakuna kinachoharibika. Havijai kila mwezi. Baadhi ya mashamba ya maua yamepunguza kazi au kufungwa, na kila lilipofungwa, vyumba vya jirani vilifunguka milango. Mwaka 2020 ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga safari, watalii walioingia Tanzania walishuka hadi 620,867 kutoka 1,527,230 mwaka 2019. Mkoa unaoishi kwa watalii ulilisikia hilo hadi kwenye vyumba vya wahudumu wa hoteli na madereva.

Ndiyo maana mwenye nyumba anang'ang'ania miezi sita. Mara nyingi fedha hiyo haikai benki. Imeshapangiwa ada ya Januari, au bati za chumba cha saba. Mpangaji anayelifahamu hilo anaweza kupatana. Anayekuja Desemba na miezi mitatu taslimu, wakati mzee anatafuta ada, ana nguvu kuliko anayekuja na miezi sita mwezi ambao wanafunzi wamejaa barabarani.

Kibaya ni pale migomba yote inapokatwa na shimo la choo kuchimbwa hatua chache kutoka kisimani kwa kukosa nafasi. Mtafuta chumba akiona hivyo, uzuri wa vigae usimdanganye.

Karatasi

Hadi mwaka 2005 Tanzania ilikuwa na sheria maalumu ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, pamoja na utaratibu wake wa mabaraza. Ilifutwa. Tangu hapo uhusiano wa mwenye nyumba na mpangaji unasimamiwa zaidi na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 na makubaliano ya wenyewe. Kiasi cha kodi na miezi ya kutanguliza ni mapatano.

Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo na ukatambulika. Pale ambapo muda haukutajwa, hesabu hufuata kipindi cha kulipia kodi, na notisi ya kuondoka haiwi fupi kuliko kipindi hicho. Mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo anatakiwa kutunza paa, kuta za nje na mifereji mikuu, isipokuwa wamekubaliana vingine. Kwa hiyo bati linalovuja si "tatizo lako mwenyewe," kama wapangaji wengi wanavyoambiwa.

Mgogoro ukitokea, unaanzia kwa mwenyekiti na kwenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, kwa siku 30, halitoi hukumu. Ikishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kote swali la kwanza ni moja: karatasi iko wapi?

Karatasi yenyewe haihitaji wakili. Daftari la kurasa 40 linatosha, likiandikwa jina la mwenye nyumba kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, chumba kipi, kodi kiasi gani, tarehe ya kuanza na ya kuisha, nani analipa maji, taka na ile sh 1,500 ya LUKU, na hali ya kitasa, vioo na bati siku ya kuingia. Pande mbili zinatia saini, na balozi anashuhudia. Fedha ikipitia kwenye simu, itumwe kwa namba yenye jina la mwenye nyumba, si la dalali wala la kijana wake.

Na chumba kitazamwe mara mbili. Mara ya pili iwe saa mbili usiku, kusikia baa iko umbali gani na kama taa ya uani inawaka. Ikiwezekana iwe kati ya Machi na Mei, masika yakiwa yamekolea, wakati njia ya kwenda uani inakuwa tope na dari inaonyesha yenyewe mahali inapovuja. Anayepewa chumba Agosti, vumbi likiwa limetanda, aangalie chini ya dirisha kwenye ukuta wa upande wa mlimani. Rangi mpya pale peke yake, wakati kuta nyingine zimechakaa, ina maana yake, na ni haki ya mpangaji kuuliza kabla hajahesabu noti.